Mkwe Aliyebipu

Baba alivaa koti kwa ajili ya simu.

Lilikuwa koti la kahawia, kifungo kimoja hakifanani na wenzake, na tangu msiba wa mama lilikuwa halijatoka kabatini. Alilitoa mwenyewe, akalipiga brashi mwenyewe, na Kitinda alipolishika ili alinyooshe, akamnyang'anya. "Wiki nzima unawapigia pasi watu wa nje. Kaa chini." Kisha akajinyoa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Wembe kwa kazi yake ya kinyozi, na siku hiyo alijinyoa taratibu, akivuta ngozi ya shavu kwa kidole, kama anayemnyoa bwana harusi. Alipomaliza akaketi, miguu pamoja, macho kwenye simu ya binti yake iliyolala juu ya kimeza, juu ya kitambaa cha kufuma. Ungedhani anasubiri kupigwa picha.

"Shingo itakuuma, kaka," shangazi akasema. Alikuwa dirishani akimenya vitunguu. "Simu haikuoni, ujue."

"Mimi naiona," Baba akajibu.

Kitinda alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Ndiye mtoto wa mwisho wa nyumba ile, kitinda mimba, na jina likamganda hivyo hivyo mpaka ukubwani. Miguu yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Kwa dobi alikofanya kazi waliletewa nguo za fainali ya mpira: vizibao vya njano vya waongoza watu, bukta za timu, mashati ya wapiga tarumbeta, na kila mwenye zake alizitaka ziwe tayari tangu jana. Alisimama mpaka vifundo vya miguu vikavimba. Mkono wa kulia ulikuwa na alama mpya ya pasi, nyekundu, jirani na ile ya zamani. Lakini mawazo yake hayakuwa miguuni wala mkononi. Yalikuwa pale kwenye simu, pamoja na macho ya baba yake.

Mtu wake alikuwa fundi wa minara ya simu, kijana mrefu, mkimya, ambaye watu walimbandika jina la Kunguru kwa sababu kila ukimtafuta yuko juu. Mara mbili aliahidi kuja kujitambulisha, mara mbili shangazi akapika, na mara mbili hakutokea. Kwanza radi ilipiga mnara. Halafu upepo ukaangusha mwingine. Mara ya pili Baba hakufoka. Alikunja kitambaa cha meza, akasema, "Basi. Kama miguu yake ina kazi, mdomo wake hauna kazi. Apige simu Jumamosi, mchana tukishakula. Anieleze mwenyewe ataishi vipi na mwanangu. Nikimsikia, nitajua. Nisipomsikia, Jumapili asubuhi nampa jibu Mwenye Famasi."

Mwenye Famasi, aliyekuwa ameshaleta posa, alikuwa mtu wa makamo aliyefiwa na mke, mpole, duka lake la dawa lina feni na viti vya kusubiria. Hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomtia Kitinda hofu, maana angemkataa kwa lipi?

"Na upara wake ule," shangazi alipenda kusema, "unang'aa mpaka unaweza kujifungia kilemba. Upara ni akili."

Hapo kuna jambo moja la kulieleza, ili yanayofuata yaeleweke. Siku za mwanzo, Kitinda alipogundua kwamba mpenzi wake anapanda vyuma virefu kuliko jengo lolote mjini, alikosa raha. "Ukishuka niambie," alimwomba. Kunguru si mtu wa maneno, na salio siku zile lilikuwa la shida. "Nitakubipu," alisema. "Ukisikia mlio mmoja umekatika, jua nimeshuka. Usipokee." Tangu hapo haikupita siku ya kazi bila mlio ule. Kitinda angekuwa anapiga pasi, simu ingelia mara moja mfukoni, ingenyamaza, naye angeshusha pumzi na kuendelea na kola. Hakuwahi kupokea.

Basi wakasubiri. Vyombo vilioshwa, vikakauka. Upande wa uwanjani tarumbeta zilikuwa zimeanza, na mtaani watu walipita makundi kwa makundi, skafu shingoni na jua lote lile. Baba akafungua kifungo cha koti. Akakifunga.

"Yuko kazini uwanjani, alisema atapiga kabla haujajaa," Kitinda alisema.

"Uwanja umejaa, mama. Hata vichochoro vimejaa," shangazi akasema, akichungulia.

Mechi ikaanza, ikaelekea mwisho, ndipo simu ikalia.

Kimeza kilitetemeka, jina la Kunguru likawaka kwenye kioo, na mkono wa Kitinda haukwenda popote. Ulibaki juu ya goti. Bila hata kuwaza, alishusha pumzi, akatabasamu, akasema neno ambalo kila siku hulisema peke yake:

"Ameshuka."

Simu ikanyamaza.

"Nani ameshuka?" Baba akauliza.

"Ni yeye, Baba."

"Mbona imekatika?"

Hapo ndipo alipotambua amefanya nini. Akaikamata simu kwa mikono miwili, akaikodolea macho kana kwamba ingemwonea huruma, na neno likamponyoka kabla hajalizuia. "Ame... amebipu."

Shangazi aliweka kisu kwenye sahani.

"Amebipu," Baba alirudia polepole, kama anayeonja dawa. "Mimi nimevaa koti, nimekaa hapa tangu mchana, na yeye ananibipu. Mimi! Ili nimpigie?"

"Hapana, Baba, hiyo ni alama yetu, akishuka huwa—"

"Mkwe anabipu!" Shangazi alipiga kofi la mshangao. "Na mahari je, nayo ataibipu? Tusikie mlio mmoja, tuanze vigelegele?"

Kitinda alipiga. *Mtandao una shughuli nyingi, tafadhali jaribu tena baadaye.* Alipiga tena, na tena, sauti ile ile ya upole ikimjibu kama karani asiyetaka kusumbuliwa. "Mtandao umejaa, Baba. Ni kwa sababu ya watu wa fainali."

"Si yeye ndiye fundi wa huo mtandao?" Baba alikuwa anafungua vifungo, kimoja kimoja, mpaka kile kisichofanana. "Mimi tangu nianze kazi sijamwambia mteja nimekosa wembe." Akalitundika koti msumarini. "Kesho asubuhi," akasema.

Kitinda akatoa miguu kwenye beseni. Hakuifuta vizuri, akaitia kwenye viatu hivyo hivyo.

* * *

Kwenda uwanjani si mbali, lakini siku hiyo njia ilikuwa ndefu. Mechi ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanamwagika nje, kila mmoja ameinua simu juu ya kichwa akitafuta mawimbi, wakipishana bila kutazamana. Mwanamume mmoja alikuwa anapiga kelele, "Geti la bluu! Niko geti la bluu!" kwenye simu ambayo haikuwa na mtu. Mwanamke mmoja alimshika Kitinda mkono. "Dada, yako inashika?"

"Haishiki."

"Haya, basi tumekwisha. Nimepoteza mume na yeye ndiye mwenye funguo."

Nyuma ya uwanja, karibu na jenereta linalounguruma, palisimama lori lenye mnara wa kukunjua mgongoni. Kunguru alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, kofia ngumu magotini, uso wote vumbi isipokuwa mahali kamba ya kofia ilipopita. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate ambacho, kwa kukitazama, alikuwa amesahau kukila. Alipomwona alisimama, akayumba kidogo.

"Kitinda? Umekujaje?"

"Kwa miguu. Simu hazipiti, hujasikia?"

"Nimepiga mpaka kidole kimekufa ganzi."

"Umebipu."

"Nimepiga!"

"Baba amevaa koti, Kunguru. Koti la msiba wa mama. Amekaa nalo anakusubiri, na wewe fundi wa mtandao ukakosa mtandao. Nikaseme hivyo nyumbani? Shangazi atacheka mpaka mwaka uishe."

Hakukasirika. Alisogea ampe nafasi kwenye ngazi, naye hakukaa.

"Wiki hii mliletewa nguo za timu zote," Kunguru akasema. "Pasi mlikuwa nazo ngapi?"

"Usinizungushe."

"Ngapi?"

"Mbili. Na moja inakatakata moto."

"Na kila mtu alitaka zake siku hiyo hiyo. Sasa mnara ule wa siku zote ni pasi moja, na hii tuliyoleta ni ya pili. Watu wote hawa wanapiga kwa pamoja, uko wapi, mimi niko hapa. Mageti yalifunguliwa mapema kuliko tulivyoambiwa. Nilikuwa juu nafunga antena, nawaona wanavyoingia, najua kabisa nachelewa. Niliposhuka nikawa kwenye foleni kama mtu yeyote."

"Na ile simu ya kazi? Uliniambia hiyo hupita hata watu wakijaa vipi."

"Niliishika. Nilishaandika namba yako." Aliutazama mkate. "Akaja daktari wa uwanja anakimbia. Mzee mmoja ameanguka jukwaani, wanataka gari la wagonjwa. Nikampa. Aliirudisha betri imekufa."

Kitinda alisogea kwenye ngazi. Akakaa. Miguu ilikuwa inapwita ndani ya viatu.

"Lakini moja iliingia," Kunguru alisema, taratibu sasa. "Kwa simu yangu hii. Niliisikia inaita kwako. Nikasimama wima, nikasafisha koo nimwamkie Mzee. Ikaita, halafu msongamano ukaila. Ungeiwahi ingeshika. Kwa nini hukupokea?"

"Kwa sababu umenifundisha nisipokee."

Hakulisema kwa ukali. Labda ndiyo maana lilimwingia Kunguru. Walitazamana, na kila mmoja akaona kwenye macho ya mwenzake jinsi lilivyotokea: yeye huku amesimama wima na koo lake safi, yeye kule na mkono juu ya goti.

"Mlio mmoja, Kitinda usipokee," Kitinda aliendelea. "Wenzangu kwa dobi wana waume wanaowapigia kugombana kwa ajili ya chumvi. Nawaonea wivu, wallahi. Mimi nina mlio. Wakiniuliza mchumba wako anasemaje, niseme anasema *krii*? Najua umeshuka. Sijui umeshukaje. Sijui umechoka, umeogopa, au umenikumbuka. Leo simu iko hapa, baba yangu ananitazama, na mkono wangu ukakataa kwenda, ulishajua kazi yake imekwisha." Aliangalia viganja vyake. "Nimechoka. Sijakuchoka wewe. Nimechoka na mlio."

Jenereta likaunguruma kwa ajili yao wote wawili.

"Huko juu huwa naongea na wewe," Kunguru akasema mwishowe. "Peke yangu. Nakueleza kila kitu. Nikifika chini nakuta maneno yameisha."

"Sasa mimi nayasikiaje nikiwa chini?"

"Huyasikii." Alivuta pumzi, akasimama, akagonga ubavu wa lori. Fundi mwenzake akatoa kichwa. "Nishikie hapa. Nakwenda ukweni."

"Na viatu hivyo?"

"Ndivyo nilivyo navyo."

* * *

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Baba hakuinuka. Alimpima kutoka viatu hadi nywele. "Kumbe mlio una miguu."

"Sikukubipu, Mzee. Nilipiga, ikakatika."

"Mimi ndiye niliyekosea, Baba," Kitinda akasema mlangoni. "Nilishindwa kupokea."

"Sijakuuliza wewe. Kijana, kaa. Hapo."

Alimwonyesha kiti cha kunyolea, kile cha zamani, kilichostaafishwa dukani kikaletwa nyumbani kwa kuwa Baba hakuwa na moyo wa kukitupa. Wageni hawakukipenda, kilikuwa na mto wa kichwa na kilimlaza mtu nyuma, atake asitake. Kunguru akakaa, kofia kifuani.

"Haya. Nieleze utaishi vipi na mwanangu."

"Mzee, mimi si mtu wa maneno."

"Hilo tulilisikia mchana," shangazi akadakia. "Lililia mara moja."

"Nafanya kazi ya juu," Kunguru alisema. Kichwa chake kilikuwa kimeupata ule mto. "Kuna siku nitachelewa, sitaki kukudanganya. Lakini nikishuka nataka nirudi nyumbani, nimkute yeye. Nimweleze. Nimekuwa namweleza upepo. Sasa nataka... nataka nim..."

Walingoja neno lifuatalo. Badala yake walisikia pumzi, ndefu, nzito, ikipanda na kushuka.

"Makubwa!" Shangazi alishika kiuno. "Amelala! Kaka, mkwe amelala katikati ya posa!"

Kitinda alitamani ardhi ipasuke. Alipiga hatua amwamshe, Baba akamzuia kwa mkono. Akainuka, akaenda kusimama nyuma ya kiti, mahali aliposimama maisha yake yote. Aliitazama shingo ile kwa muda: ilivyoungua jua, ilivyochubuliwa na kamba, nywele za kisogoni zimeota ovyo kama majani ya uani. Akaweka vidole viwili juu ya sikio, akakiinamisha kichwa kidogo upande. Kilikwenda. Akakirudisha. Kilirudi.

"Mtu anayekuficha jambo hukaza shingo," alisema kwa sauti ya chini. "Wembe unamjua kabla yako. Siku Mwenye Famasi alipokuja nimtengeneze ndevu, ndipo aniambie haja yake, shingo yake ilikuwa kama ubao. Huyu hajakaza kitu."

"Amechoka tu huyo."

"Mimi pia nimechoka, dada yangu. Silali kwenye viti vya watu."

Simu ya Kunguru ikalia. Mtandao ulikuwa umepumua, watu wamekwenda zao. Alishtuka, akasimama na macho mekundu, akasikiliza, akakata. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mzee, nilikuwa nasema..."

"Ulikuwa unakoroma."

"Samahani sana. Naitwa. Mnara unashushwa, lazima nipande nifungue antena kabla giza halijaingia."

"Nenda."

"Na jibu langu?"

"Mtu anayekwenda kupanda hapewi jibu," Baba alisema. "Zuri litamlevya, baya litamvunja. Nenda na kichwa chepesi."

Mlangoni Kitinda alimvalisha kofia, akaifunga kamba chini ya kidevu, vidole vyake vikakaa pale kidogo kuliko inavyohitajika kufunga kamba. Kunguru aliutazama mkono ule.

"Leo usinibipu," Kitinda akanong'ona.

Jua lilikwenda zake. Shangazi aliwasha taa, akarudi kwenye vitunguu vyake, safari hii bila mzaha. Simu ikarudi juu ya kimeza, juu ya kitambaa. Baba alizunguka chumba, akasogeza kiti, akakirudisha, halafu akatoa koti msumarini na kulivaa tena, kifungo kwa kifungo.

"Baridi," alisema.

Hapakuwa na baridi.

Simu ikalia. Mkono wa Kitinda ukabaki juu ya goti. Pumzi ikamshuka yenyewe. "Ameshu—"

Ikalia tena. Ikaendelea kulia.

"Mbona hupokei?" Baba akasema. "Hiyo si bipu. Hiyo ni simu."

Akaipokea kama mtu anayeokota kitu cha moto.

"Nimeshuka," Kunguru alisema. Nyuma yake palikuwa kimya, jenereta limezimwa. "Upepo ulikuwa mkali leo. Kwenye boliti ya mwisho niliogopa kidogo. Na... nimeona mkono wako una alama mpya ya pasi. Nilitaka kukuuliza pale mlangoni. Inauma?"

Kitinda alifunga macho. "Kidogo," akasema. "Sasa hivi kidogo."

"Mwambie kesho asubuhi aje nimnyoe," Baba akasema, akijifanya anatazama dirishani. "Siwezi kumtembeza mtaani mkwe mwenye kisogo kile."

"Kesho asubuhi si ya Mwenye Famasi?" shangazi akauliza.

"Mwenye Famasi ana upara. Nitamfanyia nini?"

Kitinda akayarudia maneno ya baba yake kwenye simu. Upande wa pili pakawa kimya, kimya kirefu, mpaka akadhani mtandao umeondoka tena.

"Upo?"

"Nipo."

"Mbona hujibu?"

"Natafuta neno."

"Tafuta tu. Nakusubiri."

Baba alizima taa ya mezani ili mwanga usimuumize binti yake macho, akaenda zake kunoa wembe. Simu iliwaka joto sikioni mwa Kitinda, kila mmoja akisikia mwenzake anavyopumua, na hakuna aliyekata.